Mgonjwa wa Moyo Haambiwi Msiba

Kwetu Tongoni mgonjwa wa moyo haambiwi msiba. Sheria hii haikuandikwa popote, lakini kila nyumba inaifuata. Akifa mtu, kabla hata sanda haijatafutwa, watu wanaulizana: na yule aliye chumba cha nyuma, je? Nani atakaa naye? Nani atamzuia asitoke uani? Redio inafunguliwa kwa sauti kubwa asisikie vilio, na anayempelekea chai anafuta macho kwanza mlangoni. Nilimwona mama mmoja akifichwa kifo cha kaka yake mpaka arobaini ikapita. Siku alipoambiwa alisema, "Nilijua zamani. Nyinyi si watu wa kunipenda kiasi kile bila sababu."

Habari hizo nilizicheka kwa miaka mingi, maana mimi sikuwa mtu wa kufichwa. Kazi yangu ni kuosha maiti za wanawake. Muosha anaambiwa kabla jamaa wa mbali hawajapigiwa simu. Hodi ikipigwa, nilikuwa nikimtazama tu aliyekuja nikajua. Anayeleta msiba hasimami mlangoni kama aliyekuja kuazima kinu. Anaweka mkono ukutani, anasalimia, anasahau kuwa ameshasalimia, anasalimia tena. Nami huwa nimeshaanza kutafuta kanga yangu ya kazi.

Kazi hiyo sikuifanya peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu, jirani yangu, kati yetu ua wa makuti tu. Tuliolewa karibu wakati mmoja, tukawa wajane karibu wakati mmoja, na katikati hapo tuligombana mara nyingi kuliko tulivyogombana na waume zetu. Kwenye kitanda cha kuoshea hatukugombana hata siku moja. Yeye alishika kichwa na mgongo, mimi mikono yangu ilikuwa ya maji. Hatukuhitaji kusemeshana. Nikiinua kata, yeye ameshageuza.

Alikuwa na bega bovu, la kushoto. Ujanani alianguka kutoka kwenye lori akirudi gulioni, mfupa ukaunga vibaya, na mkono ule haukunyooka tena. Siku moja tulikuwa tumetoka kumwosha bibi mmoja, tumekaa barazani kwangu tunakunywa chai ya rangi, akaniambia, "Shoga, siku yangu ikifika unioshe wewe. Na mkono huu usiulazimishe. Wengine watauvuta ulingane na mwenziwe, nami sitakuwa na mdomo wa kusema n'naumia."

"Na nikitangulia mimi?"

"N'takuosha, tena n'takusema huku nakuosha, maana ndiyo itakuwa siku yangu ya kwanza kusema usinijibu."

Tulicheka, lakini halikuwa jambo la mzaha. Tulipeana mikono. Ahadi ni deni, na katika maisha yangu sikuwa na ahadi niliyotaka kuitimiza kuliko hiyo.

Mwaka jana, vuli ilipoingia, miguu yangu ilianza kuvimba. Nikawa nalala nimekaa, mgongo ukutani, kwa sababu nikijinyoosha pumzi inakatika. Sikumwambia mtu. Nilijisemea ni uzee, na uzee hauna dawa. Kisha tukaitwa kumwosha mwanamke mmoja mnene. Siku hiyo bega la mwenzangu lilikuwa linamsumbua, kwa hiyo tukabadilishana, mimi nikashika kichwa. Tulipofika kumgeuza, kifua changu kikabana, macho yakaingia giza, na mikono yangu ikaachia. Kichwa cha marehemu kikagonga ubao wa kitanda.

Ilikuwa sauti ndogo tu. Mwenzangu alimdaka kwa mkono wake mzima, akamlaza vizuri, akaimaliza kazi yote peke yake, mimi nimekaa chini nimeegemea ndoo. Hakunilaumu hata kwa macho. Lakini sauti ile ilinifuata mpaka kwenye gari la jirani lililonipeleka hospitali mjini Tanga, na ikalala nami wodini.

Daktari alisema moyo umetanuka, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yanajaa mwilini. Nilichomwa sindano, nikapewa vidonge vya kukojoa. Maji yakatoka, pumzi ikarudi, vifundo vya miguu vikaonekana tena. Daktari alipopita na kundi lake aliridhika. "Mama anaendelea vizuri," aliwaambia, nao wakaandika.

Mimi sikuwa naendelea popote. Nilikuwa nimelala.

Nesi aliyenihudumia siku zile za mwanzo alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Alinilisha, aliniosha, aliniletea chombo kitandani. Nikijaribu kuinuka alinirudisha kwenye mto kwa vidole viwili. "Usijitingishe, mama. Moyo huu si wa kuutegemea." Wanangu walimpenda sana, binti yangu alikuwa akimletea mihogo ya nazi. Sina neno baya juu yake. Alinitendea kama ambavyo sisi wenyewe tungemtendea mgonjwa yeyote. Mgonjwa haulizwi uji, basi na mimi sikuulizwa kitu. Wanangu walichukua hata simu yangu, wakasema kioo kimepasuka, ili nisipigiwe na mtu wa kunishtua.

Lakini lile neno la nesi nililishika. Moyo huu si wa kuutegemea. Nikawa nausikiliza mchana kutwa. Nikilalia ubavu wa kushoto nausikia ndani ya mto, nikigeuka nausikia kooni. Ukipiga haraka naogopa, ukipiga taratibu naogopa zaidi. Nilijiona kama mtu aliyeachiwa yai la wenyewe alishike, hawezi kwenda chooni wala kujikuna. Mikono iliyogeuza watu wazima ikawa haithubutu kuinua hata kikombe cha chai.

Na wodini wakanijua. Mwanamke mmoja wa vijiji vya kwetu, aliyelazwa kitanda cha jirani, alinitazama asubuhi nzima, kisha akamnong'oneza mgeni wake, "Huyu si yule muosha?" Jioni akaomba ahamishwe kitanda. Siku nyingine ningemjibu, na jibu langu angelikumbuka. Siku hiyo niligeukia ukuta nikalia. Niliona hata yeye ameshaelewa kwamba nimefika pale kwa kazi ile ile, ila safari hii niko upande wa pili wa kata.

Ndipo akaja nesi mwingine. Alikuwa kijana wa milimani, Mlutheri, ana msalaba mdogo shingoni, amehamishiwa Tanga si zamani na bado anahangaika na joto letu. Kitu cha kwanza alichofanya, alikaa. Manesi hawakai, wanasimama mlangoni wanaita namba ya kitanda, au wanainama, wanachoma, wanapita. Huyu alivuta stuli, akasema shikamoo, na akaingoja marahaba yangu, maana ilichelewa kutoka.

"Unaogopa nini, mama?" aliniuliza.

Nilizoea kuulizwa naumwa wapi. Nikamjibu kwa ukali, "Naogopa kufa. Wewe huogopi?"

"Naogopa sana," alisema. "Lakini nimeambiwa kazi yako. Sidhani kama ni kufa."

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu alikuwa amekaa. Nikamweleza habari ya mikono iliyoachia, na ubao, na ile sauti. Nilingoja aseme pole, kila mtu anasema pole. Hakusema.

"Ulikuwa umevimba kwa muda gani kabla ya siku hiyo?"

"Miezi."

"Na katika miezi hiyo uliosha?"

"Niliosha. Watu wanakufa, mwanangu, hawaningojei miguu yangu inywee."

"Basi moyo wako ulikuwa unabeba watu huku wenyewe umezama kwenye maji. Sasa maji yametoka. Kwa nini leo usibebe?"

Tangu nilazwe, hakuna aliyeutaja moyo wangu kama kitu kilichofanya kazi. Wote walisema umetanuka, umechoka, umeharibika. Huyu aliuzungumzia kama mtu aliyekuwa kibaruani muda mrefu bila kulalamika. Akachukua vidole vyangu akaviweka kwenye kifundo cha mkono wangu mwenyewe, akaniambia nisikilize bila kuhesabu, nizoee tu mwendo wake. Nilisikiliza mpaka chakula cha mchana kikaletwa.

Kesho yake akaniketisha ukingoni mwa kitanda. Siku iliyofuata akasema twende bafuni. Nikamwambia anishike. "Nitakuwa nyuma yako," alisema. "Nitakushika ukinishika." Nilimtukana njia nzima. Nilimwita mtoto asiyefunzwa, nikamuuliza kama kwao milimani mama zao wanaachwa watambae. Alijibu "ndiyo, mama" kwa kila tusi, na nyuma yangu nikawa nasikia viatu vyake, polepole kama vyangu, havinisukumi wala haviniachi. Yule mwanamke aliyehama kitanda aliponiona nakuja upande wake alijivutia shuka. "Mama, usije kwangu," alisema. Nikamjibu, "Tulia, zamu yako bado." Wodi nzima ikacheka, na yeye pia akacheka kwa shida. Bafuni nikajimwagia maji kwa mikono yangu. Nilikuwa sijajiosha tangu nilazwe. Nililia pale, na maji yakanisaidia nisionekane.

Wakati narudi, binti yangu alikuwa amefika na kikapu cha chakula. Aliponiona natembea alipiga yowe. "Mnamuua mama yetu!" Akasema atakwenda kwa mkubwa wa wodi. Nesi alimweleza kwa adabu kwamba daktari ameruhusu, kwamba mwili ukilala sana unasahau. Binti yangu hakusikia kitu. Ananipenda, na mapenzi yake yana mikono mingi. Alinilaza, akanifunika shuka mpaka kidevuni katika joto lile la Tanga, akaniwekea kiganja kifuani huku macho yamemtoka, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio upya. Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi nesi ananijenga, jioni wanangu wananibomoa kwa huruma.

Aliyeelewa alikuwa mwenzangu. Alikuja siku moja saa ya kuona wagonjwa, akakuta nesi ananitembeza, akasimama kando na upindo wa kanga mdomoni, anacheka. "Msukume huyo, mwanangu," alimwambia nesi. "Ni mvivu tangu utotoni." Kisha akaketi miguuni pangu, akavibonyeza vifundo vyangu aone kama kidole kinaacha shimo. Akaniambia kazi anaifanya na wasichana wawili wa kijiji cha pili. "Wana nia, lakini mikono yao kama wanafua jamvi. Rudi upesi."

"Naogopa nitamwangusha mwingine."

"Ulimwangusha mmoja, nikamdaka. Kwani mimi n'mekwenda wapi?" Alinitazama kwa hasira kidogo. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo, shoga. Hata daktari hajasema moyo wako umekufa. Unasema wewe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwangu, ukiacha ya kuagana.

Sasa nitasema wazi, maana mimi nilifichwa na sipendi kumficha mtu. Siku chache baadaye mwenzangu aliamka mzima, akaswali alfajiri, akasema anajilaza kidogo, asiamke tena. Yeye ambaye hakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa bega. Mimi mgonjwa wa moyo nikabaki.

Asubuhi ile mwanangu wa kiume alikuja kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Alisimama na nesi mlangoni mwa wodi wakinong'ona, mkono ameuweka ukutani. Kisha akaja akanisalimia, akanipa kanga safi, akanisalimia tena. Nilimwona kwa macho yangu haya. Siku nyingine yoyote ningejua. Lakini nilikuwa nimeamka na nguvu, nimemaliza uji wote, na kichwani nilikuwa nimeshafika nyumbani. Furaha ilinifanya mjinga.

Alipoondoka, nesi alinipima presha. Akanipa vidonge vyangu, akangoja, akapima tena. "Leo tutatembea zaidi," alisema. Tukatembea ukumbi wote, tukarudi. Akanikalisha, akanishika mkono, akasikiliza mapigo, macho yake yapo kwenye ukuta. Nikadhani ana mambo ya kwao.

"Utaweza ngazi, mama?"

Hospitali ile ina ghorofa, na ngazi zake zinaanzia nje ya mlango wa wodi yetu. Nilikuwa nikizitazama tu watu wakipanda na kushuka. Nikamwambia kwetu Tongoni hatuna ghorofa, kwa hiyo nikizishindwa sitakosa kitu. Hakucheka. "Jaribu," alisema. "Nipo nyuma."

Nilipanda. Nilishika ukuta nikapanda, nikapumzika kwenye kona, nikapanda tena. Kifua kilipanda na kushuka lakini hakikubana. Moyo ulipiga kwa nguvu, na mara ya kwanza tangu niugue niliusikiliza bila hofu, kama unavyosikia jirani anatwanga nyumba ya pili. Unajua kazi inafanyika. Juu palikuwa na dirisha. Niliona mabati ya mji, na minazi, na shuka za wagonjwa zimeanikwa juu ya majani. Adhana ya adhuhuri ikaanza. Nikamgeukia nesi nikamwambia, "Umeona? Nikitoka hapa namwambia mwenzangu asiwaite tena wale wasichana. Narudi kazini." Nikacheka kwa sauti mpaka mtu mmoja akatoa kichwa wodi ya juu atazame kuna nini.

Nesi alikuwa anatazama nje. "Nimeona, mama," alisema. Saa ile ile, kwetu, walikuwa wameshamkafini, wanangoja swala iishe wambebe. Nilikuwa sijapata siku njema kama ile tangu nilazwe.

Tulishuka, nikala, nikasinzia. Alasiri ilipoingia nesi alivuta stuli yake, akakaa, akanishika mikono yote miwili. Hapo hata mjinga angejua.

"Nani?" nikamuuliza.

Akanitajia. Hakuzunguka. Hakusema amezidiwa ghafla, kama wanavyosema watu wetu ili kukupandisha polepole. Alisema amefariki, alfajiri, usingizini. Kifua kilijaa nikangoja kipasuke. Moyo ulikwenda mbio, ukajikwaa, kisha ukashika njia yake.

"Nipe kanga yangu," nilisema. "Ananingoja mimi."

"Ndiyo, mama. Nimeshaongea na daktari, amekubali. Kesho asubuhi nitakupeleka mwenyewe, nitakuwa na wewe mpaka umalize."

Nilimtazama. "Kesho?"

Akanieleza. Mwanangu alimkataza kabisa asiniambie, na katika kusema akataja kwamba wanamsubiri mtoto wa marehemu aliye njiani kutoka Dar. Nesi akahesabu kwa hesabu za kwao. Kwao milimani maiti hungojwa: wana wafike, mchungaji apatikane, jeneza litengenezwe. Akaona ana siku nzima ya kuniandaa. Kwanza presha, kwanza dawa, kwanza ngazi, ndipo habari, kisha nilale usiku mmoja juu ya hiyo habari, kisha safari. Alikuwa amewakaidi wanangu na kujitia matatani kwa ajili yangu, na kila kitu amekipanga kwa uangalifu. Niliona hata anaona fahari kidogo.

"Mwanangu," nilimwambia, "sisi hatungoji."

"Lakini mtoto wake yuko njiani."

"Atalikuta kaburi."

Alitoa simu akampigia mwanangu mbele yangu. Hakumwambia kwamba nimeshajua. Alimuuliza tu mazishi ni lini. Sikusikia upande wa pili, niliuona tu uso wake. Walikuwa wamezika baada ya adhuhuri, na mtoto alikuwa bado hajafika.

Alikaa na simu mkononi. Alisema, "Nisamehe, mama," lakini mimi nilikuwa nafikiria ule mkono wa kushoto wa mwenzangu. Nilikuwa nawaona wale wasichana wameushika, wanauvuta uje sawa na mwenziwe, na yeye hana mdomo.

Jioni binti yangu akaja na uji. Alikuwa ameoga, amebadili nguo, ametia wanja kuficha macho. Lakini ubani hautoki kwenye nywele kwa kuoga mara moja, na mimi ndiye wa kufichwa harufu hiyo? Alikaa kitandani, akatabasamu, akaanza kukoroga.

"Shikamoo, mama. Leo naona uko vizuri."

"Marahaba."

"Mama mkubwa anakusalimia sana. Anasema upone upesi."

Mama mkubwa ndivyo walivyomwita mwenzangu tangu wadogo. Na hilo ndilo lililonivunja. Kifo nakijua, nimekaa nacho chumba kimoja maisha yangu yote. Lakini salamu za mtu aliyekwisha kufukiwa, zimeletwa na mwanangu mwenyewe kwa tabasamu ili moyo wangu usisumbuke, hizo sikuwahi kuzipokea.

"Nani kamwosha?" nilimuuliza.

Kijiko kikasimama kwenye bakuli.

"Nimekuuliza. Nani kamwosha?"

"Wale wasichana," alisema kwa sauti ya mtoto. "Mimi niliwatekea maji."

"Mkono wake wa kushoto waliufanyaje?"

Aliinamisha kichwa, na mimi nikajua. Nikalia. Nililia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti na kwa maneno, namwita mwenzangu na kumwomba radhi, mpaka wagonjwa wote wakainuka vitandani. Binti yangu aliruka, uji ukamwagika, akakimbilia mlangoni. "Nesi! Mama anakufa! Nesi, moyo wake!"

Nesi alikuja. Zamu yake ilikuwa imekwisha lakini hakuwa ameondoka. Hakukimbia. Alitembea mpaka kitandani, akanishika kifundo cha mkono, akasikiliza, kisha akamgeukia binti yangu. "Mwache alie," alisema. "Moyo wake unaweza."

Nikaunyang'anya mkono wangu. Hasira yote ya siku ile ikapata pa kutokea.

"Kama ulijua unaweza, mbona hukuniambia asubuhi? Asubuhi alikuwa bado nyumbani kwake. Ningekwenda. Ningemwosha kwa mikono yangu."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Asubuhi nilikuwa sijui, mama," alisema. "Na wewe ulikuwa hujui."

Nilitafuta la kumjibu, na mimi sikosi la kumjibu mtu. Nimerudi Tongoni, naosha tena, nageuza na kunyanyua na moyo unabeba, wanangu wamekoma kunificha mambo, na bado sijalipata. Maana najua ingekuwaje. Kama mwanangu angesimama kando ya kitanda asubuhi ile, kabla ya ngazi, akaniambia mwenzangu amekufa na gari liko nje linaningoja, ningeshika kifua. Ningewaagizia wale wasichana wawe wapole na bega, nikavuta shuka. Ningesema siwezi, na wote wangeniamini.